Kabla ya Kununua Bastola, Itazamwe Nyumba

Miongoni mwa maswali ambayo vijana wetu walioko ng'ambo, na hasa walioko Marekani, huwauliza wenzao waliotangulia kufika huko, limo moja ambalo wazazi wao waliobaki visiwani wakilisikia hushituka. Swali lenyewe ni hili: nikitaka kununua bastola ya kwanza, ninunue ya aina gani? Mama aliyemsindikiza mwanawe hadi uwanja wa ndege, akasome au akatafute riziki, hakutarajia kwamba siku moja kijana huyo atasimama mbele ya kabati la kioo akichagua silaha kama achaguavyo saa ya mkononi. Lakini ndivyo mambo yalivyo, na kujifanya kwamba hatujui si busara.

Ama hapa nyumbani, swali hilo hilo lipo kwa sura nyingine. Mfanyabiashara aliyevunjiwa duka, mwenye hoteli ya ufukweni ambaye walinzi wake hawana ila marungu, na hata mtumishi wa umma anayeona kwamba kazi yake imemzalia maadui, nao hupitiwa na fikira ya kuomba kibali cha kumiliki bastola. Kwa hiyo jambo hili linawahusu wananchi na viongozi kwa pamoja: yule anayeomba, na yule anayetia saini.

Sisi hatumcheki mtu mwenye khofu. Aliyeamshwa usiku na kishindo cha mlango, watoto wakilia na simu ya kituo cha Polisi haipokelewi, ana haki ya kutafuta kinga. Tunalosema ni kwamba aina ya bastola ni swali la pili. Swali la kwanza ni la nyumba itakayoipokea: nani analala humo, nani ana hasira, nani ana huzuni asiyoisema, na ufunguo utakaa wapi. Mwenye kuanza na swali la pili akaliacha la kwanza huwa ameingiza kwake kitu asichokijua, hata akikijua kila kipande cha chuma chake.

Tutaanza na Marekani kwa sababu huko ndiko mlango wa ununuzi ulikofunguliwa zaidi, na huko ndiko wataalamu walikokaa miaka mingi wakipima matokeo yake. Kisha tutarejea visiwani.

Katiba ya Marekani, katika rekebisho lake la pili la mwaka 1791, inataja haki ya wananchi kuwa na silaha. Kwa muda mrefu wanasheria walibishana kama haki hiyo ni ya mtu mmoja mmoja au ya majeshi ya mgambo ya majimbo. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikata shauri kwamba ni haki ya mtu binafsi, ikafuta katazo la bastola lililokuwapo katika mji mkuu, Washington. Mwaka 2022 mahakama hiyo ikaendelea mbele zaidi, ikasema kwamba haki hiyo inahusu pia kubeba silaha nje ya nyumba. Hii ndiyo sababu bastola huko huuzwa katika maduka ya kawaida, na mnunuzi hatakiwi na sheria ya nchi nzima kueleza kwa nini anaitaka.

Hata hivyo asidhani kijana wetu kwamba hakuna sheria kabisa. Ziko, na ugumu wake humwangukia mgeni kuliko mwenyeji. Muuzaji mwenye leseni hana budi kumjazisha mnunuzi fomu ya maswali, kisha kuuliza katika kumbukumbu za taifa kama mtu huyo amekatazwa kumiliki silaha. Uchunguzi huo uliletwa na sheria ya mwaka 1993, na mtambo wake wa kitaifa ulianza kazi mwaka 1998. Sheria ya mwaka 1968 ilimkataza muuzaji huyo kumuuzia bastola mtu asiyetimiza miaka 21, na katazo hilo limekuwa likibishaniwa mahakamani katika miaka ya karibuni. Kila jimbo nalo lina masharti yake: California humtaka mnunuzi asubiri siku 10 kabla ya kukabidhiwa, ilhali majimbo mengine hayana hata siku moja ya kusubiri.

Yako mambo matatu ambayo kila kijana wa visiwani aishiye huko hana budi kuyajua kabla hajauliza bei.

La kwanza ni hadhi yake ya ukaazi. Mwenye hati ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa na sheria ya taifa kununua. Lakini aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida amekatazwa hata kuishika bastola kama mali yake, isipokuwa kwa vighairi vichache kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Ama asiyekuwa na hati yoyote, huyo amekatazwa moja kwa moja. Na ieleweke kwamba asiye raia akitiwa hatiani kwa kosa la silaha, hata kama ni mkaazi wa kudumu, anaweza kurejeshwa kwao. Miaka 20 ya jasho inaweza kupotea kwa sababu ya kitu kinachotosha katika kiganja.

La pili ni kununua kwa niaba ya mwengine. Sisi ni watu wa kusaidiana. Binamu akisema, "Mimi karatasi zangu hazijakaa sawa, ninunulie wewe nami nitakulipa," wengi huona haya kukataa. Huko jambo hilo ni jinai. Fomu ya dukani inamuuliza mnunuzi kama yeye ndiye mwenye kununua hasa, na kusema uongo katika jibu hilo ni kosa. Tangu sheria ya mwaka 2022, mwenye kumnunulia mtu mwengine kinyume cha sheria anaweza kufungwa hadi miaka 15. Hapo ndipo undugu unapopaswa kusema hapana.

La tatu ni kuileta nyumbani. Wako wanaofikiri kwamba kitu kilichonunuliwa kwa halali hubaki halali popote kiendapo. Hivyo sivyo. Kuitoa silaha Marekani kuna vibali vyake, na kuiingiza Tanzania kuna vibali vyake, na bastola iliyofichwa kati ya magodoro na vyombo vya jikoni ndani ya kontena ni magendo mbele ya dola zote mbili. Mwenye kuipokea bandarini naye huwa mshiriki, hata akiwa ni mzee aliyetumiwa zawadi bila ya kuelezwa kilichomo.

Sasa tutazame uchaguzi wenyewe, kwani hatupendi kuhukumu jambo bila ya kulieleza. Bastola zinazouzwa kwa wanaoanza ni za namna mbili. Ya kwanza ni rivolva, ambayo risasi zake, kwa kawaida tano au sita, hukaa katika gurudumu linalozunguka. Sifa yake ni wepesi wa kueleweka: ukilifungua gurudumu unaona kwa macho kama imejaa au haina kitu. Kasoro yake ni kwamba kifyatulio chake huwa kizito kukivuta, na kuijaza upya huchukua muda. Ya pili ni ile inayojipakia yenyewe, ambayo risasi zake hukaa katika magazini iliyotiwa ndani ya mpini. Hii hubeba risasi nyingi zaidi na huwa nyembamba kiunoni. Bastola ya Glock iliyoanza kutumiwa na jeshi la Austria mwaka 1982, yenye kiunzi cha plastiki na magazini ya risasi 17, ndiyo iliyoeneza namna hii katika majeshi ya polisi na majumbani.

Lakini bastola ya namna hii ina mtego ambao kila anayeanza apaswa kuujua kuliko kitu kingine chochote. Magazini ikitolewa, risasi moja huweza kubaki ndani ya chemba ya mtutu. Mtu huishika magazini mkononi, akaamini kwamba silaha haina kitu, akavuta kifyatulio kwa mzaha au kwa kutaka kuisafisha, na aliyekaa mbele yake akaanguka. Wengi wameuawa na bastola ambayo mwenyewe aliapa kwamba ilikuwa tupu.

Kuhusu kipenyo cha risasi, wanaoanza hushauriwa zaidi ile ya milimita 9, kwa kuwa hupatikana kwa wingi, bei yake ni nafuu, na mrusho wake wa nyuma hustahimilika. Kuhusu ukubwa, wengi hudanganyika kwa macho. Mnunuzi huchukua bastola ndogo kabisa akidhani ndogo ni nyepesi kuitumia, na mara nyingi mume humnunulia mkewe hiyo. Kumbe kinyume chake ndio kweli: silaha ikiwa ndogo na nyepesi, mkono hupigwa zaidi, mtutu huruka zaidi, na shabaha hupotea. Hivyo washauri wenye uaminifu humwambia mtu asinunue kabla ya kwenda katika uwanja wa shabaha, akakodi tatu au nne za namna mbalimbali, akazipiga chini ya mwalimu, akaona ni ipi inayokaa katika kiganja chake na ambayo chuma chake cha juu anaweza kukivuta nyuma bila ya kuhangaika. Akinunua iliyotumika, aikaguliwe na fundi wa bunduki. Na ajue kwamba bei ya dukani ni mwanzo tu: kuna mafunzo, kuna risasi za mazoezi, kuna vizibo vya masikio na miwani, na kuna kasha la chuma lenye kufuli. Asiyekuwa na fedha ya kasha hana fedha ya bastola.

Walimu wa shabaha huko hufundisha kanuni nne: kila silaha ichukuliwe kuwa imejaa, mtutu usielekezwe pasipokusudiwa kuharibiwa, kidole kisiguse kifyatulio mpaka macho yamekwisha kukaa katika shabaha, na mpigaji ajue kilichoko mbele ya shabaha na nyuma yake. Tulipozisoma tulikumbuka chuoni, tulikokaa juu ya mkeka mbele ya mwalimu wetu. Alitufunza kwamba Mtume aliwaamuru wapitao msikitini au sokoni na mishale waishike ncha zake, asije mtu akamjeruhi Muislamu mwenzake. Na kwamba alikataza mtu kumwelekezea ndugu yake silaha, hata kwa mzaha. Karne 14 zimepita, chuma kimebadilika, na kanuni ni ile ile.

Hadi hapa mshauri wa dukani na sisi tuko pamoja. Tunapoachana naye ni katika jambo ambalo haliandikwi katika karatasi ya bei. Bastola hununuliwa kwa ajili ya usiku mmoja ambao huenda usifike, lakini hukaa nyumbani usiku wote mwengine. Ikiwa imejaa na iko chini ya mto, tayari kwa mwizi, basi pia iko tayari kwa mtoto wa miaka mitano, kwa kijana aliyefeli mtihani, kwa mke na mume waliogombana, na kwa mwenyewe siku atakayokata tamaa. Ikiwa imefungiwa ndani ya kasha, risasi zake zikiwa katika kasha jingine, basi mtoto amesalimika, lakini mwizi naye hatasubiri funguo mbili zitafutwe gizani. Yako makasha yanayofunguka upesi kwa alama ya kidole, nayo hupunguza tatizo, lakini hayaliondoi: kidole kinachofungua ni cha yule yule mwenye hasira au huzuni. Huu ndio ukweli ambao kila mnunuzi wa mara ya kwanza hana budi kuutazama usoni, na hakuna mwenye duka awezaye kuuamua kwa niaba yake.

Haya si maneno ya woga. Katika mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi nchini Marekani, na zaidi ya nusu yao hawakuuawa na mtu: walijiua wenyewe. Mwaka 2020 wataalamu walitoa matokeo ya uchunguzi uliofuatilia watu wazima zaidi ya milioni 26 wa jimbo la California tangu 2004 hadi 2016. Walikuta kwamba wanaume wenye bastola walijiua kwa risasi kiasi cha mara nane kuliko wanaume wasiokuwa nazo, na wanawake wenye bastola mara 35 kuliko wanawake wasiokuwa nazo. Na hatari hiyo ilikuwa kubwa kupita wakati wowote mwengine mara tu baada ya kuinunua ile ya kwanza. Uchunguzi mwengine wa jimbo hilo hilo, uliotolewa mwaka 2022, ulihusu watu wasiokuwa na bastola ambao wanaishi nyumba moja na mwenye nayo. Watu hao, na wengi wao ni wanawake, waliuawa kwa risasi majumbani na waume au wapenzi wao kiasi cha mara saba kuliko wale ambao nyumba zao hazina bastola.

Msomaji apime mwenyewe. Bastola iliyoletwa kuzuia adui wa nje huwakuta wa ndani kwanza.

Atasema mtu: hayo ni ya Marekani, nchi kubwa yenye vurugu zake, sisi ni watu wa visiwa. Vyema, tutazame visiwa. Hawaii ni visiwa vilivyomo katika Marekani hiyo hiyo, chini ya Katiba hiyo hiyo. Huko mwenye kutaka bastola hupata kwanza kibali cha mkuu wa polisi, na silaha yenyewe husajiliwa. Hawaii ni miongoni mwa majimbo yenye vifo vichache kabisa vya risasi kwa idadi ya watu katika nchi nzima. Hatusemi kwamba sheria peke yake ndiyo iliyoleta hayo, kwani bahari nayo ni mlinzi, na mila za watu zina kazi yake. Tunasema kwamba penye bahari pande zote, bandari zikilindwa, kibali kikawa kibali kweli, kazi ya dola huwa nyepesi kuliko penye mipaka ya nchi kavu.

Uingereza nayo ni kisiwa, na ina somo kali zaidi, ambalo twapenda viongozi wetu walisome polepole. Tarehe 13 Machi 1996, katika mji mdogo wa Dunblane, Scotland, mtu mmoja aliingia skuli ya msingi akiwa na bastola nne, akawaua watoto 16 na mwalimu wao, kisha akajiua. Bastola hizo hazikuwa za magendo. Alizimiliki kwa cheti halali cha polisi. Uchunguzi rasmi ulioongozwa na jaji ulidhihirisha kwamba miaka mitano kabla, mwaka 1991, askari mpelelezi aliwaandikia wakubwa wake akiwaonya kwamba mtu huyo hafai kuaminiwa na silaha. Onyo hilo halikufuatwa, na baadaye cheti kikahuishwa. Mwaka uliofuata msiba huo, Bunge lilipitisha sheria mbili zilizokataza takriban bastola zote kwa raia wa Uingereza bara, na bastola zaidi ya 160,000 zilikusanywa kutoka kwa watu ambao wengi wao hawakuwa na kosa lolote.

Lipo somo la afisa katika kisa hicho. Watu wengi wasiokuwa na hatia walinyang'anywa haki yao kwa sababu ofisi moja haikuisoma karatasi moja. Udhaifu wa mtoa kibali humdhuru aliyeuawa kwanza, na mmiliki mwema baadaye.

Turejee nyumbani. Visiwa hivi vinajua silaha ni nini. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, ghala la silaha la polisi la Ziwani lilipotekwa, dola iligeuka katika saa chache. Na tarehe 7 Aprili 1972, Mzee Abeid Amani Karume aliuawa kwa risasi Kisiwandui, katika makao makuu ya Chama, akiwa amekaa na wenzake bila ya kutazamia ubaya. Watu waliopita katika mambo hayo hawakulea watoto wao waione bastola kuwa pambo la kiunoni wala alama ya ukubwa. Walituachia fikira kwamba silaha ni amana, na amana ina mwenyewe wa kuihesabia.

Fikira hiyo haipingani na sheria. Tanzania ina sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, na nchi yetu ni miongoni mwa zile zilizotia saini Itifaki ya Nairobi tarehe 21 Aprili 2004, inayozitaka serikali za ukanda huu kudhibiti silaha mikononi mwa raia, kuzitia alama na kuweka kumbukumbu zake. Umoja wa Afrika nao umeutenga mwezi wa Septemba wa kila mwaka kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha zisizo halali kwa hiari yao. Mizani hiyo ni njema. Linalobaki ni wanaoishika mizani.

Kwa hiyo tunayo maneno kwa makundi matatu.

Kwa vijana wetu wa ng'ambo: jueni kwanza hadhi yenu mbele ya sheria ya huko, msiinunue kwa niaba ya mtu, na msiilete. Anayeona kwamba hana budi, basi ajifunze kabla ya kununua, anunue kasha kabla ya bastola, na awe mkweli juu ya nyumba yake. Ikiwa ndani ya nyumba yumo mtu aliyewahi kutaka kujidhuru, au mlevi, au mume na mke wanaotishana, jibu ni hapana, hata kama duka limesema ndiyo. Na aliyekwisha kuinunua, siku huzuni ikimlemea, asione aibu kuitoa nyumbani kwa njia ya halali mpaka wingu lipite. Kuikubali khofu ya nafsi yako ni ujasiri pia.

Kwa mwananchi wa hapa anayefikiri kuomba kibali: ajiulize ni khatari gani hasa anayoikimbia. Ikiwa ni mwizi wa usiku, taa ya nje, komeo la chuma, jirani anayeitika, na ulinzi shirikishi wa mtaa humwamsha mwizi huyo kabla hajafika mlangoni, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachomuua mtoto. Mara nyingi mwizi hufuata fedha zilizowekwa chini ya kitanda. Akijua kwamba nyumba fulani ina bastola, huifuata bastola yenyewe, kwani hiyo ina soko kuliko televisheni. Ikiwa baada ya hayo yote bado haja ipo, kama kwa mwenye kusafirisha fedha za watu, basi na aombe kwa njia iliyo wazi, na asikasirike akiulizwa maswali mengi. Maswali hayo ni kinga yake.

Kwa viongozi na maafisa: kibali cha silaha si hisani ya kumfanyia mtu mkubwa, wala si kadi ya mwaliko. Polisi ni jambo la Muungano, lakini Sheha ni wetu, na Sheha ndiye ajuaye nyumba gani ina kelele usiku wa manane. Aulizwe, na jibu lake liandikwe. Mke aulizwe peke yake, mbali na mume, kwani mbele ya mumewe atasema kila kitu ni kizuri. Kasha la chuma likaguliwe kwa macho, lisitosheke kwa kutajwa katika fomu. Mwenye kibali akifariki, silaha ifuatwe ndani ya siku za matanga, isije ikagawanywa na warithi pamoja na saa na kanzu. Na pale askari wa cheo cha chini anapoandika kwamba fulani hafai, mkubwa wake asiitie karatasi hiyo ndani ya saraka kwa sababu fulani huyo ana gari zuri au ni rafiki wa ofisi. Dunblane ilianza na saraka kama hiyo.

Hali kadhalika, serikali isiwaachie wananchi khofu yao peke yao. Mtu hutafuta bastola pale anapoona kwamba akipiga simu kituoni hapati jibu, na kwamba mwizi aliyekamatwa jana amerudi mtaani leo. Kila doria inayofika kwa wakati, na kila kesi inayosikizwa upesi ikamalizika kwa haki, hupunguza ombi moja la silaha. Afisa asiyetaka kuona bastola mitaani na aanze hapo, kwani kumkataza mtu kinga bila ya kumpa kinga nyingine ni kumwachia magendo mlango wazi.

Bastola haina akili wala haya. Mwenye navyo ni binadamu, naye hana kila siku. Kwa siku ile ambayo hatakuwa navyo ndiyo tunamshauri afikiri leo, kabla hajaingia dukani na kabla hajatia saini, na aitazame kwanza nyumba yake, chumba kwa chumba, na wale waliolala humo.